Kesi ikifia njiani, tiba ya mtoto nayo ife? Ulinzi wa mtoto na afya ya akili hapa Tanga

#1 Mpwani wa Chumbageni (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Naleta hoja ambayo imekuwa ikinisumbua tangu nilipoingia katika kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, hapa Tanga mjini. Kwa jinsi tunavyoendesha mambo, msaada wa kisaikolojia kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili umening'inizwa kwenye kesi. Kesi ikisonga mbele, mtoto anaonwa na afisa ustawi wa jamii, anafikishwa hospitali, na akibahatika anapata mtu wa kumpa unasihi. Kesi ikifa, na nyingi hufia mikononi mwa wazee wa familia kabla hazijafika polisi, mtoto anarudishwa nyumbani na hakuna anayeuliza tena iwapo analala usiku au anakula. Msimamo wangu ni kwamba tiba ya mtoto isingoje kesi na wala isife nayo.

Nitoe mfano mmoja, ambao nimeubadilisha hapa na pale ili mhusika asitambulike. Binti wa miaka 12 aliletwa mjini kutoka kijiji kimoja cha Korogwe kwa ahadi kwamba atasomeshwa, akaishia kuwa mtumishi wa ndani asiye na mshahara, na alipokosea alichapwa kwa waya wa umeme. Majirani walipopiga kelele, suala likafika ofisi ya mtaa. Ndani, wakubwa walikuwa wakipatana juu ya kifuta machozi. Nje, mtoto amekaa kwenye benchi, amepewa andazi na soda. Andazi hakuligusa, na karatasi ya chupa aliichanachana vipande vidogo vidogo akavipanga juu ya paja. Bajaji ilipopita na kupiga mshindo, aliingia chini ya benchi akakaa huko mpaka mama mmoja wa genge alipomtoa taratibu kwa kumshika mkono. Muhtasari wa kikao uliandika kiasi cha fedha, majina ya mashahidi na siku ya kumrudisha kwao. Habari ya chini ya benchi haikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa ni jambo la kuandikwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 95 kinamwekea mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. MTAKUWWA, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ndio uliotupa hizi kamati, kuanzia taifa hadi mtaa na kijiji. Ukubwa wa tatizo nao haukufichwa: utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili.

Kinachokosekana ni kiungo. Mtoto yule yule mmoja anashughulikiwa na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, ambaye yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Na afisa ustawi wa halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI. Sera inayomhusu iko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na daktari wa afya ya akili yuko Wizara ya Afya. Hadi Januari 2022 afya na maendeleo ya jamii zilikuwa wizara moja. Tangu hapo ni mbili. Sisemi kwamba kuzitenganisha kulikuwa kosa, maana wizara ile ilikuwa kubwa mno. Ninachosema ni kwamba faili la mtoto lina milango mingi ya kupitia, na kila mlango una mtu mzima anayeuliza swali lile lile: "Hebu tueleze ilikuwaje." Mtoto anasimulia kwa mjumbe, kwa mwenyekiti, kwa askari, kwa daktari, kwa mwendesha mashtaka, mwisho mahakamani, na kote huko anasimulia kwa ajili ya kesi.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa walimu, wauguzi na wanasheria.

#2 Mzee wa Katani

Mkuu Mpwani, nimekusoma kwa makini na sina ubishi kuhusu huyo aliyechapa mtoto kwa waya. Huyo alistahili pingu. Ninapopata shida ni kwenye hii afya ya akili inayoingizwa kila mahali siku hizi. Sisi tuliokulia kwenye kambi za mkonge tulichapwa na baba, tukachapwa na mwalimu, na nyapara naye akatuchapa, na hakuna aliyetupeleka kwa mshauri. Tumekua, tumeoa, tumelea. Mtoto akishahifadhiwa na mkosaji akafungwa, muda utamponya. Tusije tukawafundisha watoto kujihurumia.

#3 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo, Mzee wa Katani. Nitakujibu kwa adabu, kwa sababu ulichokisema ndicho wanachokisema hata wenzangu wengi katika chumba cha walimu.

Mimi nafundisha shule ya msingi. Mtoto aliyeumizwa nyumbani haji shuleni na kibao shingoni. Anakuja na daftari jeupe. Anashtuka ukimgusa bega ukiwa nyuma yake. Anapigana wakati wa mapumziko kwa jambo ambalo wenzake wangecheka, au anachelewa kila siku kwa sababu usiku hakulala. Sisi walimu tunasoma hapo uvivu, utundu na utoro, na dawa tuliyoizoea ni fimbo. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Kila mwalimu anayesoma hapa anajua mwenyewe jinsi kanuni hiyo inavyofuatwa. Watafiti walipowahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa nchini, katika utafiti uliochapishwa 2014, asilimia 95 walisema wamewahi kupigwa na mwalimu, na wanaopigwa nyumbani walikuwa wengi vivyo hivyo. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba adhabu kali ziliambatana na ugomvi na ukaidi. Kwa hiyo mtoto anapigwa nyumbani, anakuja kuonyesha maumivu yake darasani kwa namna tunayoiita utovu wa nidhamu, na shule inamjibu kwa kumpiga tena. Hapo hakuna aliyemlinda na hakuna aliyemtibu, na wote tumefanya kazi yetu.

Kuhusu muda kuponya: wako watoto ambao huwaponya kweli. Lakini mwaka 1998, huko Marekani, madaktari Felitti na Anda walichapisha utafiti mkubwa uliowauliza watu wazima mambo yaliyowapata utotoni. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila, kama kupigwa, kudhalilishwa au kukua na mlevi nyumbani, walikuwa na hatari kubwa zaidi, kati ya mara 4 na mara 12, ya kuingia kwenye ulevi, dawa za kulevya, sonona na jaribio la kujiua. Mzee wangu, wale wenzako wa kambini ambao gongo iliwamaliza kabla ya wakati, je, kuna aliyewahi kuwauliza walianzia wapi?

#4 Mama wa Watatu

Asante Mwalimu. Mimi nina maswali mawili ya mzazi wa kawaida. Kwanza, mtoto mtundu na mtoto aliyeumizwa nitawatofautisha vipi, maana wa kwangu wa pili anapigana na kila mtu na sina sababu ya kushuku lolote? Pili, na hili ndilo zito, wanawake wengi ninaowafahamu hawatoi taarifa kwa sababu mkosaji ndiye anayeleta unga nyumbani. Akifungwa, watoto watalindwa dhidi ya kipigo na watalala na njaa. Mnawaambia nini?

#5 Nesi wa Pwani

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo na nimesubiri kidogo kwa kuwa ninafanya kazi katika kliniki ya afya ya akili na sikutaka kusema jambo la mgonjwa yeyote. Mfano nitakaoutoa nimeuvuruga makusudi.

Mama wa Watatu, kitu cha kutazama ni badiliko. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena. Aliyekuwa msemaji akanyamaza. Anayeumwa tumbo kila anapokuja mgeni fulani. Anayerudia mchezo ule ule, wenye jambo lile lile la kutisha, bila kuufurahia. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, kwani kukojoa kitandani kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo au hata kisukari, na ndiyo maana tunapima kwanza. Mtoto aliyepatwa na jambo zito anaweza kuwa na wasiwasi na ndoto mbaya kwa wiki kadhaa, na wengi hutulia wenyewe ikiwa wako salama, wana ratiba ya kawaida na kuna mtu mzima mmoja wanayemwamini. Dalili zikipita mwezi mmoja, au mtoto akizungumzia kufa, au akiacha kula, hapo usingoje. Na hilo la kuzungumzia kufa ni la siku hiyo hiyo. Wa kwako anayepigana na kila mtu, ikiwa wakati huo huo anakula, analala na kucheka kama siku zote, sioni sababu ya kukutia hofu.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mleta uzi, ambayo naiunga mkono na kuipanua, kwa sababu inakwenda pande zote mbili. Aliletwa kwetu mvulana wa miaka 9 kwa kukosa usingizi, na mlezi aliomba dawa ya kumlaza. Tulipompa karatasi na kalamu na kumuuliza analala wapi, alieleza bila kusita kwamba huwa anakaa chini, mgongo kwenye mlango, kwa sababu mlango hauna komeo na mjomba hurudi amelewa, na ndani yumo mdogo wake wa kike. Ningempa dawa ya usingizi ningekuwa nimemlaza mlinzi. Siku hiyo tiba ilikuwa ni simu kwa afisa ustawi wa jamii. Watoto walihamishiwa kwa bibi yao, na usingizi ukarudi bila kidonge. Hata hivyo hofu haikuondoka kwa kuhama nyumba: kila gari lililosimama nje usiku lilimwamsha, na hapo ndipo kazi yetu ya kliniki ilipoanza, ikachukua miezi. Ukimtibu mtoto aliye katikati ya hatari unamfundisha kuvumilia hatari, na ukimtoa kwenye hatari ukaishia hapo, hofu anaondoka nayo.

Jambo jingine linalonikera ni saa. Kila mtu sasa anajua kwamba mtoto aliyebakwa lazima afike hospitali ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kumkinga na VVU, na wengi wameshaelewa kwamba matibabu hayo yasizuiwe eti kwa sababu PF3, ile fomu ya polisi, haijajazwa. Elimu hiyo ilifika kwa sababu ilirudiwa bila kuchoka. Kwa upande wa akili hatujaweka hata tarehe moja ya kurudi. Mtoto anapewa dawa, anachukuliwa vipimo, karatasi inakwenda polisi, na kwenye kadi hakuna siku iliyoandikwa ya kuja kuulizwa hali yake.

Kuhusu mkosaji anayeleta unga, sina jibu rahisi, dada yangu. Ninachojua ni kwamba afisa ustawi ana wajibu wa kuiangalia familia nzima, na si kila taarifa huishia kwa mtu kufungwa.

#6 Mwanasheria wa Ngamiani

Naomba nilete upande usiopendeza. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Huo ni ulinzi mkubwa, na kwa sababu hiyo hiyo vita yote huhamia kwenye mdomo wa mtoto. Wakili wa utetezi atauliza swali moja tu: kabla ya kuja hapa, ulikuwa unazungumza na nani, na alikuambia useme nini? Ikijulikana kwamba mtoto amehudhuria vikao vya unasihi, atasema mtoto amefundishwa. Nimeona kesi ikiyumba kwa hoja hiyo. Kwa hiyo wanaosema unasihi ungoje hadi ushahidi utolewe hawasemi kwa ukatili. Wanaogopa mkosaji ataachiwa na kurudi mtaani kwa mtoto yule yule. Huo nao ni ulinzi wa mtoto.

#7 Mpwani wa Chumbageni

Nimefurahi umeisema, ndugu Mwanasheria, maana hoja hiyo hunong'onwa ofisini na haijadiliwi hadharani.

Nina majibu mawili. La kwanza, mashauri yanaahirishwa. Upelelezi haujakamilika, shahidi hajafika, hakimu yuko likizo, na mtoto aliyekuwa darasa la nne anakuja kutoa ushahidi akiwa la tano au la sita. Kumwambia angoje apone baada ya hapo ni kumwambia augue muda wote huo kwa manufaa ya jalada. Isitoshe, mtoto anayetetemeka na kuganda kizimbani si shahidi bora kuliko yule anayeweza kuzungumza.

La pili nimelipata kwa wataalamu wenyewe, na Nesi atanirekebisha nikikosea. Msaada mzuri wa mwanzo haumtaki mtoto asimulie tukio. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumkalisha mtu aliyetoka kwenye tukio baya na kumlazimisha alimwage lote kwa mara moja. Linachofundisha kama huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha: tazama kama yuko salama na ana mahitaji gani, msikilize anachotaka kusema mwenyewe, muunganishe na wanaoweza kumsaidia. Kumfundisha mtoto namna ya kupumua hofu inapomjaa, kumrudishia ratiba ya shule, kumwelekeza mlezi asimkaripie kwa kukojoa kitandani, haya hayagusi ushahidi hata kidogo. Maelezo ya tukio yachukuliwe mara moja, mapema, na mtu aliyefunzwa, yaandikwe kwa maneno ya mtoto. Na anayempa unasihi aandike tarehe na alichokifanya, ili akiulizwa aonyeshe kwamba hakugusa habari ya kesi.

#8 Mwanasheria wa Ngamiani

Hilo la kumbukumbu za unasihi naliafiki, lakini liwe mwongozo wa maandishi unaofahamika kwa polisi, waendesha mashtaka na kliniki kwa pamoja. Likibaki kuwa makubaliano ya mdomo kati ya watu wema wawili, siku mmoja akihamishwa kituo limekwisha.

#9 Ustadh wa Kwaminchi

Assalaam alaykum. Mmezungumzia polisi, shule na hospitali, nanyi mnajua kwamba hapa kwetu familia nyingi zikiona mtoto amebadilika hazianzi huko. Zinaanza kwetu. Mtoto anazungumza usiku, anaanguka, anakataa kula: ametupiwa jini, asomewe, aandikiwe kombe. Mimi husoma, na sitaacha kusoma, kwa sababu Qur'ani ni ponyo na mzazi anatulia. Lakini nimejiwekea utaratibu: kabla sijasoma ninauliza nani wanaishi katika nyumba hiyo, mtoto analala na nani, na lini lilianza. Mara nyingine jibu la swali la pili linanifanya nimtume mzazi mahali pengine siku hiyo hiyo.

Nawaomba wenzangu wasiudharau mwili wa mtoto unapozungumza. Wenye umri wangu tulisimuliwa habari ya Kashasha, kule Bukoba, mwaka 1962, ambako wanafunzi 95 kati ya 159 wa shule ya wasichana walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika mpaka shule ikafungwa, na waliochunguza hawakukuta sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Wasichana wanaoanguka mashuleni siku hizi tunawaita wenye mapepo. Sikatai kuwapo kwa viumbe hao, maana ni katika imani yangu, ila haiwi sababu ya kuacha kuuliza ni nini kinachowatisha wasichana hao bwenini, njiani au nyumbani.

Na tuambizane ukweli: baadhi ya vyuo vyetu vya Qur'ani vinachapa kupita kiasi. Kamati ya kata ije huko pia, isituogope.

#10 Mvuvi wa Deep Sea

Mimi si mwandishi, nitasema machache. Pale tunapopokelea samaki kuna watoto wa kiume walioacha shule, wanavuta juya, wanabeba barafu, wengine wanalala hapo hapo. Yanayowapata usiku yanajulikana na hayasemwi. Mvulana hatakwenda kusema, kwa sababu ataonekana si mwanamume, na pia Dawati la Jinsia na Watoto kwa watu wengi wa pwani ni dawati la akina mama. Mmesema mvulana 1 kati ya 7. Kwa macho yangu, kwenye mazingira kama yale, wako wengi zaidi ya hapo. Wanachofanya ni kunusa gundi na kutafuta ugomvi, na sisi tunawaita wahuni.

#11 Mwalimu wa Zamu

Kaka Mvuvi, kuna simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo ni bure, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe au mtu mzima kwa niaba yake. Faida yake kwa mvulana wa aina hiyo ni kwamba hatazamwi usoni wakati anazungumza. Ukipata nafasi, waandikie pale ubaoni panapoandikwa bei za samaki.

#12 Mzee wa Katani

Nimewasoma wote. Mwalimu amenigusa kwa swali la gongo na sitalijibu hapa. Nabaki na swali la mtu wa hesabu: hao washauri watatoka wapi? Ukiwa Mlalo au Mkinga ndani kabisa, mwenye shahada ya saikolojia utamwona kwenye televisheni.

#13 Nesi wa Pwani

Swali halali, mzee wetu. Jibu moja limejaribiwa Moshi, na upande wa Kenya vilevile, katika utafiti uliochapishwa 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi na waliokuwa na dalili za kiwewe waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata vikao 12 vya tiba ya mazungumzo, watoto wakikaa katika kundi lao, nao walezi wakiwa na kikao chao pembeni, na waliokuwa wakiendesha vikao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, bali watu wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Vikao vilipokwisha, watoto hao walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki wazi upande wa Kenya, na huku kwetu ikapungua. Sisemi ni dawa ya kila kitu. Nasema tusingoje shahada. Kata ina mwalimu wa unasihi, ina mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ina akina Ustadh. Wanachokosa ni mafunzo, na mtu wa kumpigia simu wanapokwama.

Na kwa kuwa umeitaja milima: Lutindi, kule Korogwe, ambayo wengi tunaijua kama hospitali ya wagonjwa wa akili, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na ikageuzwa hospitali ya akili mwanzoni mwa karne ya 20. Huwa najiuliza wale watoto wa kwanza waliamka usiku mara ngapi, na nani alikuwa anawaendea.

#14 Mama wa Watatu

Nina la mwisho, na si la kinadharia. Jirani yetu mmoja ameamua kumhamishia binti yake Muheza kwa shangazi, baada ya familia kuyamaliza yenyewe. Kesi haipo tena. Mtoto alikuwa ameanza kwenda kliniki hapa mjini na alikuwa ameanza kupata nafuu. Mama yake anaogopa kwamba akiendelea kumpeleka, polisi watafufua jambo na ukoo utamtenga. Afanye nini?

#15 Mpwani wa Chumbageni

Kwanza nikueleze wazi, dada, kwamba kwa kosa la jinai familia kupatana hakulifuti kosa, na sitakwambia vinginevyo. Mkosaji bado yuko huru na anaweza kumfikia mtoto mwingine. Hilo ni la kuzungumza na mama huyo kwa faragha, kwa subira, na nipo tayari ukinitafuta.

Kliniki haihitaji kuwapo kwa kesi ndipo imwone mtoto. Mama amwombe muuguzi anayemhudumia binti yake barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya ya Muheza, na siku ya kwanza amsindikize mwenyewe ili mtoto asianze upya kwa mgeni akiwa peke yake. Wakati huo huo afisa ustawi wa hapa amwandikie mwenzake wa Muheza, kwa kuwa mtoto aliyehamishwa wilaya ndiye anayepotea kirahisi kuliko wote, na huyo wa kule aende nyumbani kwa shangazi kuona anaishi na nani na analala wapi. Shangazi aelezwe yale tu yanayomsaidia kulea: kwamba mtoto anashtuka usiku, kwamba taa iachwe ikiwaka, kwamba asiulizwe ilikuwaje. Shule ya huko iambiwe kwamba kuna siku atakosa masomo kwa ajili ya hospitali, bila kuelezwa sababu. Kadi ibaki kwa shangazi, nakala kwa afisa ustawi, na kwenye kadi iandikwe tarehe ya kurudi. Ukinitumia ujumbe wa faragha leo, kesho asubuhi nitakwenda na huyo mama kuitafuta hiyo barua.